Walter Bagehot, mutu wa banki mwenye alifundisha Leta kukopa

Mu habari zenye zinatoka Kinshasa, mara nyingi tunasikia kwamba Wizara ya Feza imeenda tena ku soko kutafuta miliari za franka kwa njia ya boni za Trezori. Tangazo linasomwa haraka haraka: kiasi chenye Leta ilitafuta, kiasi chenye ilipata, faida ngapi kwa mia, na siku ya kulipa. Kisha tunapita ku habari ingine. Watu wengi wa Bunia, Beni, Uvira ao Kalemie wanajiambia kwamba hayo ni mambo ya wakubwa na ya mabanki, hayawagusi.

Lakini ile karatasi iko na historia yake, na ile historia iko na mutu. Alikuwa Mwingereza, Walter Bagehot, jina lenye Waingereza wanatamka karibu na Bajot. Alizaliwa miaka 200 hivi iliyopita mu muji mudogo wa wachuuzi, mu familia ya watu wa banki. Alikuwa mwandishi wa habari, na kila mara alipojaribu kuingia bungeni, alishindwa. Lakini wakati serikali ya Uingereza ilikosa njia nzuri ya kukopa feza za muda mufupi, waziri wa feza alimuomba shauri yeye. Jibu lake njo boni ya Trezori, na leo inchi nyingi za dunia, pamoja na ya kwetu, zinaitumia.

Karatasi yenyewe inafanya kazi namna gani

Mbele ya kuingia mu maisha yake, tuelewane kwanza juu ya hii karatasi. Leta iko sawa mukulima: inakula kila siku, lakini inavuna kwa misimu. Walimu, askari na waganga wanapaswa kulipwa kila mwezi. Kodi za kampuni kubwa zinaingia mu miezi fulani tu. Katikati kunabakia shimo. Leta inaweza kupita hilo shimo kwa njia tatu: kuacha watu bila mushahara, kuchapa noti zaidi, ao kukopa kwa wenye feza na kuwarudishia wakati kodi imeingia.

Boni ya Trezori ni ile njia ya tatu. Tufanye mufano tu. Leta inaahidi kukulipa franka 1.000.000 kisha miezi 6. Leo wewe unatoa 960.000. Siku ikifika, unapokea 1.000.000. Ile 40.000 ya tofauti njo faida yako. Hakuna kitu kingine chenye kinalipwa katikati, wala masharti marefu. Kiasi, bei na siku: mambo matatu, basi. Huo urahisi haukuanguka kutoka mbinguni. Kuna mutu mwenye aliuwaza, na aliuwaza juu alikomalia mu banki.

Mutoto wa Langport

Walter Bagehot alizaliwa tarehe 3 mwezi wa pili 1826 huko Langport, mu jimbo la Somerset, kusini-mangaribi mwa Uingereza. Langport ilikuwa muji mudogo pembeni ya muto Parrett. Mashua zilipanda na kushuka na chumvi, makaa na ngano. Mutu wa Kalemie ao wa Uvira angejisikia nyumbani pale: muji wenye unaishi juu ya bandari na maduka. Ukoo wa mama yake, wa Stuckey, ulianzia ku biashara hiyo. Biashara ikazaa banki, Stuckey's Bank, yenye ilipokea akiba za watu na kukopesha wengine. Baba yake, Thomas Bagehot, alikuwa mumoja wa wakubwa wa ile banki.

Wakati ule banki za mikoa ya Uingereza zilikuwa na ruhusa ya kutoa noti zao zenyewe. Mukulima wa Somerset alipokea noti ya Stuckey juu alijua ile familia, alijua ile nyumba, na alijua kwamba akifika ku dirisha watamubadilishia. Walter alikomaa akiona jambo hilo kila siku: karatasi inakuwa feza kama watu wanamuamini mwenye aliitia sahihi.

Nyumbani mateso hayakukosa. Mama yake, Edith, alikuwa mwanamuke wa akili na wa furaha, lakini mara kwa mara ugonjwa wa akili ulimushika. Mutoto wake mumoja, wa ndoa yake ya kwanza, alizaliwa na ulemavu wa akili. Walter alimupenda mama yake sana, na hata akiwa mutu mukubwa alikuwa karibu naye wakati ugonjwa ulirudi. Aliishi na huo muzigo kwa miaka mingi, mpaka mama alifariki mwaka 1870.

Masomo, na siku za Paris

Baba yake alikuwa Muunitarian, dini ndogo yenye haikukubali mafundisho yote ya kanisa la serikali. Ku vyuo vikubwa vya Oxford na Cambridge, mutu hakuweza kupata diploma bila kukubali imani ya lile kanisa. Baba akakataa. Mwaka 1842, Walter akiwa na miaka 16, alitumwa University College, huko London, chuo chenye hakikuuliza mutu anasali wapi. Alisoma hesabu, kisha filozofia, na mwaka 1848 alimaliza na medali ya zahabu. Alisomea tena sheria, na mwaka 1852 alipokelewa kuwa avoka. Lakini kazi hiyo hakuifanya.

Mbele ya hapo alipitia Paris. Mwezi wa 12 mwaka 1851, rais Louis-Napoléon alipindua bunge na kushika mamlaka yote. Bagehot, kijana wa miaka 25, alikuwa palepale mu muji. Aliona vizuizi mu barabara, alisikia bunduki. Alituma barua 7 ku gazeti moja la dini huko London, na mu barua zile alimutetea yule mwenye kupindua serikali. Wasomaji wengi walikasirika, na sisi wenye tunajua mapinduzi yanaachaka nini nyuma tunaelewa hasira yao. Lakini mu zile barua kuna jambo lenye hakuliacha tena maisha yake yote: aliona namna wachuuzi wanaogopa, namna biashara inasimama wakati watu hawajui kesho itakuwa namna gani, na namna kila kitu kinategemea ile hali ya kuaminiana yenye haionekani kwa macho.

Alirudi Langport kufanya kazi mu banki ya familia. Kazi ya kujumlisha mistari ya hesabu haikuwa zawadi yake. Lakini kusikiliza mutu mwenye anaomba mukopo, kumupima kama atalipa ao hatalipa, ile aliijua vizuri. Baadaye alisimamia kazi za ile banki mu muji mukubwa wa Bristol. Na usiku alikuwa anaandika: juu ya siasa, juu ya vitabu, juu ya feza. Mwaka 1855, yeye na rafiki yake Richard Holt Hutton walianzisha gazeti lao, National Review.

Mukwe mwenye gazeti

Mwaka 1858 Bagehot alioa Eliza Wilson. Baba mukwe, James Wilson, njo mwenye alianzisha gazeti The Economist mwaka 1843, na alikuwa amefanya kazi ya mukubwa mu wizara ya feza ya Uingereza. Mwaka 1859 serikali ilimutuma India, kutengeneza hesabu za inchi yenye ilikuwa imetoka mu vita kubwa ya kuasi Waingereza. Hakumaliza mwaka huko. Mwezi wa 8 mwaka 1860 alikufa Calcutta kwa ugonjwa wa kuhara damu.

Familia ikabaki na gazeti bila kichwa. Mwaka 1861 Bagehot alikubali kuwa muandishi mukubwa wa The Economist, na alibaki pale mpaka kufa. Kila wiki aliandika juu ya bei ya feza, juu ya mavuno, juu ya madeni ya inchi za kigeni. Hakuandika sawa mwalimu wa chuo. Aliandika sawa mutu mwenye amekaa ku dirisha la banki na amejua sura za wateja. Mawaziri walianza kumusoma, kisha walianza kumuita. Iwe chama cha Gladstone kinatawala, iwe kile cha wapinzani wake, waziri wa feza alimuomba shauri. Watu wakamutania kwamba yeye ni waziri wa feza wa akiba, sawa vile gari inabeba gurudumu la akiba.

Lakini kura za watu hazikumutaka. Mwaka 1866 alisimama huko Bridgwater, karibu na kwao, na alishindwa kwa kura chache sana. Ule muji ulijulikana kwa kuuza kura, na watu wake walikuwa tayari kumukamata kila mwenye kusimama mufuko. Bagehot alipoulizwa kisha na watu wa uchunguzi, alieleza mambo yenye yalifanyika.

Siku milango ilifungwa

Mwaka uleule wa 1866, London ilitikisika. Kulikuwa nyumba moja ya feza yenye iliitwa Overend, Gurney. Kazi yake ilikuwa kununua ahadi za wachuuzi. Mufano: muchuuzi amechukua nguo za pauni 1.000, ametia sahihi kwamba atalipa kisha miezi 3. Mwenye kuuza nguo hataki kungoja. Anapeleka ile karatasi ku Overend, anapewa pauni 980 palepale. Kisha miezi 3, Overend inapokea 1.000 kutoka kwa muchuuzi. Hiyo ni kazi safi, juu feza inarudi haraka.

Lakini wakubwa wa Overend waliacha ile kazi safi. Feza za watu, zenye watu wangeweza kuomba kesho asubui, walizitia mu reli na mu meli, vitu vyenye vinarudisha feza kisha miaka, kama vinarudisha. Tarehe 10 mwezi wa 5 mwaka 1866 walifunga milango, na madeni ya pauni milioni 11 hivi. Kesho yake watu walijaa mu barabara za mabanki, kila mumoja anataka zake. Banki zenye zilikuwa nzima zikaanza kuanguka pia, juu hakuna banki yenye inaweka feza zote mu sanduku. Banki ya Uingereza ilikopesha banki zingine kwa nguvu, na serikali ikairuhusu ipite mupaka wa sheria ya noti kama ingehitajika. Hapo hofu ikapunguka.

Watu wa Goma na Bukavu hawana lazima ya kuelezewa maana ya mulango wa banki wenye umefungwa. Mwaka 2025, wakati M23 iliingia mu miji hiyo, mabanki yalifunga, na wenye konti walibaki inje na vitabu vyao. Sababu haikuwa sawa. Huku ilikuwa vita, kule London ilikuwa biashara mubaya. Lakini mama mwenye anasimama mbele ya kufuli anauliza ulizo lilelile: feza zangu ziko wapi?

Bagehot aliandika juu ya mambo hayo mu kitabu chake Lombard Street, chenye kilitoka mwaka 1873. Alisema, kwa maneno yetu, kwamba siku ya hofu banki kuu haipaswi kujificha. Inapaswa kukopesha sana kila banki yenye iko nzima, yenye inaweza kuweka dhamana nzuri, na kwa faida ya juu ili wasiokuwa na shida wasikuje kuomba. Banki yenye imeoza yenyewe, iachwe ianguke. Mpaka leo wakubwa wa banki kuu za dunia wanasoma ile kanuni, na mwaka 2008, wakati mabanki ya Marekani na Ulaya yalitikisika, walirudia kwake.

Shauri la mwaka 1877

Sasa tunafika ku boni. Kwa miaka karibu 180, serikali ya Uingereza ilikuwa na karatasi zake za kukopa kwa muda mufupi, zenye ziliitwa boni za Exchequer. Lakini watu wa soko hawakuzipenda tena. Masharti yake yalikuwa mengi, faida yake ilikuwa inabadilishwa mara kwa mara, na namna yake haikufanana na karatasi zenye mabanki yalizoea kushika kila siku. Serikali nayo ilikuwa na lazima. Miji ilikuwa inaomba mikopo ya kujenga masomo na mifereji ya maji machafu. Mwaka 1875 serikali ilikuwa imenunua hisa za mufereji wa Suez kwa pauni milioni 4, na ililazimika kukimbilia nyumba ya Rothschild ili kupata zile feza haraka.

Waziri wa feza, Stafford Northcote, alimuomba Bagehot shauri. Bagehot hakutafuta elimu ya mbali. Alitazama ile karatasi ya muchuuzi wa nguo, yenye banki za Langport, Bristol na London zilijua kwa macho yaliyofungwa. Shauri lake lilikuwa hivi: serikali ya Uingereza inaaminiwa kupita muchuuzi yeyote, basi itoe karatasi yenye inafanana na ya muchuuzi. Iwe na siku moja ya kulipa, miezi 3 ao 6 hivi. Iuzwe kwa bei ya chini ya kiasi chake, na faida iwe ile tofauti. Masharti mengine yote yaondolewe. Hapo kila banki itaijua siku ya kwanza, itaipima kwa dakika moja, na itaweza kuiuzia banki ingine kama imehitaji feza mbele ya siku.

Sheria ya boni za Trezori ilipita mwaka 1877, na mwaka uleule zile boni zilianza kuuzwa. Uuzaji ulifanywa kwa munada wa barua: kila mwenye kutaka anaandika kiasi chenye anataka na bei yenye anatoa, anapeleka ku Banki ya Uingereza. Wenye kutoa bei nzuri zaidi wanapewa kwanza, mpaka kiasi kinaisha. Hakuna tajiri mumoja mwenye anaitwa usiku kuokoa serikali na kisha anaikamata shingo. Bei inatoka ku watu wengi wenye kushindana.

Bagehot hakuona matunda. Mwezi wa 3 mwaka 1877 alishikwa na baridi, ikaingia mu mapafu. Alirudi Langport, na tarehe 24 mwezi ule alifariki mu nyumba ya baba yake. Alikuwa na miaka 51. Yeye na Eliza hawakuzaa. Walimuzika palepale Langport. Ile Stuckey's Bank iliendelea mpaka mwaka 1909, wakati ilimezwa na banki kubwa zaidi. Lakini karatasi yake ilitembea. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia, Uingereza iliuza boni za Trezori nyingi sana. Marekani iliifuata mwaka 1929.

Mambo yenye hatuwezi kumufichia

Huyu hakuwa mutakatifu. Hakutaka wafanyakazi masikini wapewe kura nyingi, juu aliona hawana masomo ya kuchagua vizuri. Mu kitabu chake cha mwaka 1872, Physics and Politics, aliwapanga watu wa dunia kwa ngazi, Wazungu juu na watu sawa sisi chini. Aliandika hivyo miaka 13 tu mbele ya mukutano wa Berlin wa 1885 kumupa Leopold II inchi hii, na mawazo ya namna hiyo njo yalifungulia njia watu wa Leopold. Tunasoma kazi yake ya feza tukijua hilo pia. Aliona wazi namna muchuuzi wa Somerset anastahili kuaminiwa, lakini muchuuzi wa Afrika hakumuwaza.

Karatasi ya Bagehot huku kwetu

Kwa nini basi kumuleta mu ukurasa wetu? Juu sisi tumeishi ile njia ingine, ya kuchapa. Mu miaka ya 1990, serikali ya Mobutu ilijaza shimo lake kwa noti. Mwezi wa kwanza mwaka 1993, askari walilipwa na noti mupya ya zaire milioni 5. Wafanyabiashara waliikataa. Askari waliasi, wakapora Kinshasa, na watu wengi walikufa. Mwaka ule kukaja zaire mupya, moja kwa milioni 3 za zamani. Watu wa Kasai waliikataa, wakaendelea na zile za zamani. Mwaka 1998 ikafuata franka ya Kongo, moja kwa zaire mupya 100.000. Wazazi wetu wenye walikuwa na akiba walibaki na makaratasi ya kuchezea watoto. Njo maana mpaka leo mutu akipata feza kidogo anakimbilia dola.

Mwezi wa 10 mwaka 2019, Leta ya Kongo ilianza tena kuuza boni za Trezori. Munada unapitia Banki Kuu ya Kongo. Mabanki ya biashara njo yanaandika bei, kwa ajili yao wenyewe ao kwa ajili ya wateja wao. Boni haichapwi tena ku karatasi, inaandikwa mu mashini. Kuna za franka, na kuna zenye zimefungwa ku bei ya dola, ili mwenye kununua asipoteze kama franka imeanguka. Kuna pia obligasio za Trezori, za muda wa kupita mwaka mumoja. Wenye kununua zaidi ni mabanki yenyewe, lakini mutu ao kampuni anaweza kuomba banki yake imuwekee.

Kama uko na akiba na unawaza jambo hilo, nenda ku banki yenye uko na konti na uulize maulizo haya mbele ya kutia sahihi. Siku ya kulipwa ni gani, tarehe kwa tarehe? Nalipa ngapi leo na napokea ngapi siku ile? Banki inakata ngapi kwa kazi yake? Boni ni ya franka tupu ao imefungwa ku dola? Nikipata mugonjwa mu nyumba mbele ya siku, naweza kuiuza, na nani ataninunulia? Kama mutu wa banki hawezi kujibu moja ya haya, rudi nyumbani na feza zako mpaka apate jibu. Na kama mutu anakuja ku mulango ao ku telefone na kusema anauza boni za Trezori mukono kwa mukono, usimupe kitu. Boni inapitia banki, na inabaki na alama mu konti yako.

Ukumbuke pia hesabu ya franka. Ukipata 40.000 ya faida mu miezi 6, na mu ile miezi franka imeanguka kupita faida yako mbele ya dola, umepokea noti nyingi zaidi lakini soko litakupimia unga kidogo. Tena feza zenye utazihitaji mwezi ujao kwa minerval ya mutoto hazifai kufungwa miezi 6. Hapo njo Overend ilipotea, na ilikuwa kubwa kupita sisi wote.

Hata mwenye hana akiba, hii karatasi inamugusa. Kila munada ni kura ndogo yenye mabanki yanapigia Leta. Siku ingine utakaposikia tangazo kutoka Kinshasa, chukua kalamu na uandike mambo matatu: kiasi chenye Leta ilitafuta, kiasi chenye ilipata, na faida yenye ilikubali kulipa. Kama ilitafuta miliari 50 na ikapata 20, wenye feza wanaogopa kitu. Kama faida inapanda munada kwa munada, wanaogopa zaidi, na ile faida italipwa na kodi zetu. Kama Leta inapata kiasi chote kwa faida yenye inashuka, na inalipa siku yenye iliahidi, mwalimu wa Shabunda ana nafasi nzuri zaidi ya kupata mushahara wake bila mashini ya noti kuguswa.